Saa Inayobisha Hodi

Nyinyi mnaokaa pale kwa fundi cherehani kila jioni mmenichosha na swali moja: kwa nini kuku wangu anaitwa Uswisi, na kwa nini mke wangu amekataa katakata achinjwe. Nimeshajibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara Musa hunikatiza kabla sijafika Bungoma. Basi leo naandika, maana karatasi haina Musa.

Ugonjwa wangu mnaujua. Mchana nauza vipuri vya baiskeli hapa Kakamega, lakini moyo wangu umo ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, lenye saa kuukuu za mkono za Uswisi. Hizi mpya zinazong'aa dukani sizitaki. Nazitaka zile zilizovaliwa na askari, mapadri na Wazungu wa mashamba, zikachubuka, zikatupwa. Nikifungua mgongo wa saa ya namna hiyo na kuiona mashine yake, magurudumu ya shaba na vijiwe vyekundu vidogo kama chembe za wimbi, nasahau kula. Mke wangu Rosa husema kwamba laiti naye angekuwa na mgongo wa kufunguka, huenda ningemtazama zaidi.

Lakini safari hii haikuwa ya sanduku langu. Ilikuwa ya baba. Mzee Isaya amekuwa mpiga kengele wa kanisa letu tangu kabla sijazaliwa, na kengele aliipiga kwa kufuata saa moja tu, ambayo mimi naiita saa ya kinyundo. Saa hiyo haitiwi ufunguo. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachoyumba mkono ukitembea, kikigonga huku na huku, na kugonga huko ndiko kunakoijaza nguvu. Mvaaji hukisikia kwenye ngozi: tok, tok. Baba huiita saa inayobisha hodi.

Sasa baba aliteleza kwenye ngazi ya mnara, na gurudumu la mizani la saa yake, lile linaloyumba na kuipa mapigo, likavunjika. Tangu hapo alipiga kengele kwa kukisia. Jumapili moja watu waliitwa ibadani wakiwa bado wanakamua ng'ombe. Jumapili iliyofuata kengele ililia mhubiri akiwa katikati ya mahubiri. Wazee wa kanisa wakakaa, wakasema mambo yasipotengenea kabla ya Krismasi kamba ya kengele atapewa mtu mwingine. Nilimletea baba saa zangu nzuri kabisa. Akazirudisha zote.

"Saa isiyonibishia hodi," alisema, "nitajuaje kama iko?"

Akaacha kumaliza chakula chake. Niliogopa, nawaambia kweli. Mashine za namna ile hazitengenezwi tena, na kwa miezi mingi nilitafuta moja tu ili niing'oe gurudumu nimtilie baba. Ndipo Sudi, rafiki yangu mchuuzi wa vitu vikuukuu kule Mumias, akaniletea habari: kule Likuyani, kwenye mashamba yaliyoachwa na Wazungu, kuna mama mjane mwenye saa inayogonga. Imekufa, lakini haijafunguliwa.

Kakamega hadi Mumias

Nilivaa saa nne, mbili kila mkono. Watu wa basi walinitazama kama mtu aliyeiba duka. Ukweli ni kwamba saa ikivaliwa haiibiwi kirahisi kama ile iliyo mfukoni, na tena saa zangu hupenda kutembezwa. Ile ya baba, iliyokufa, niliitia kwenye mfuko wa shati karibu na kifua, nikafunga kishikizo.

Nilimkuta Sudi amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anapanga birika za zamani mbele ya nyumba.

"Asalaam aleikum, Sudi. Twende."

"Wa aleikum salaam. Habari za safari? Watoto? Mzee hajambo? Biashara?" Akangoja nijibu kila moja. "Keti basi. Jirani yangu anaoza binti. Pilau iko motoni."

"Sudi, nina haraka."

"Petro, wewe unafuata saa ambayo haiendi. Haraka ya nini?"

Nikaketi. Pilau ilikuja jua likielekea kuzama, na nikiri ilistahili kungojwa. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda wa mkono mmoja.

Mumias hadi Lugari

Asubuhi tulipanda lori la magunia matupu hadi Bungoma, na pale tukapanda gari la moshi kwenda Lugari. Tulienda vizuri mpaka ng'ombe mmoja alipoamua kulala relini. Mwenyewe alitafutwa, akapatikana, akaanza kumbembeleza ng'ombe kwa jina lake, na ng'ombe akakataa.

Tukiwa tumekaa hapo, mama mmoja mwenye kikapu aliniona mikono.

"Baba, saa ngapi?"

Nikatazama. Saa nne zilinipa majibu manne. Saa kuukuu ni kama wazee, kila moja ina mawazo yake. Nilipomweleza hivyo, behewa zima likaingilia. Wengine walitaka tuamini ile kubwa ya askari. Wengine walipenda nyembamba yenye mishale ya buluu. Mwalimu mmoja alipendekeza tujumlishe zote na kugawanya, akazomewa.

Mnakumbuka siku zile za mwanzo wa Uhuru, kila jambo tulilipigia kura. Basi tukapiga. Watu waliinua mikono, mwalimu akasimamia, na saa ya mishale ya buluu ikashinda kwa wingi mkubwa. Mimi mwenyewe najua hiyo ndiyo mwongo kuliko zote. Kwa hesabu yake ilikuwa saa saba mchana, kwa hiyo watu wakafungua vikapu, wakala viazi vitamu na mayai, ingawa jua lilikuwa bado upande wa asubuhi. Waliopigia kura saa ya askari walikataa kula mpaka saa yao ifike. Mzee mmoja wa chama hicho alimeza mate kwa uchungu muda wote, na alipopewa kiazi alikirudisha.

"Sisi tulishindwa," alisema, "lakini hatujakubari."

Ng'ombe aliinuka mwenyewe, bila kura.

Mautuma

Kutoka Lugari tulitembea na kupewa lifti hadi Mautuma, na mvua ikatushika sokoni. Matope ya kule hayana adabu, yanakuvua kiatu na kubaki nacho. Tulijikinga kwenye kibanda cha chai, na kwa kuwa sina subira, nilitoa kile kioo changu cha jicho, kile kidogo cheusi ninachokibana jichoni kutazamia mashine, nikaitazama tena saa ya baba.

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amekaa mbele yangu amevuta kope lake chini.

"Daktari, angaria hii ya kushoto. Inatoanga machozi nikilima."

"Mimi si daktari, mzee."

"Najua mnakatazwa kusema," alinijibu kwa sauti ya chini. "Lakini kile kioo nilikiona Mukumu kwa misheni. Huwezi nidanganya."

Nyuma yake tayari kulikuwa na mstari. Nilijaribu kueleza habari ya magurudumu na kinyundo, wakaitikia kwa heshima bila kuondoka. Sudi, ambaye ana biashara hata kwenye damu yake, aliwaambia daktari hawezi kuangalia macho tumbo likiwa tupu. Muda si muda tukaletewa obusuma, yaani ugali, na sukuma wiki na maziwa ya mgando. Ningefanya nini? Nikala, nikatazama macho. Kila mtu nilimwambia jambo moja, kwamba asisugue kwa mkono wenye udongo na aende hospitali ya misheni Mukumu. Yule mzee wa kwanza alikasirika.

"Hiyo hata bibi yangu husema," alisema, akaenda zake akisugua jicho.

Likuyani

Tulifika Likuyani tumekaa nyuma ya trekta, juu ya magunia ya mahindi, meno yanagongana. Sudi alinieleza njiani habari za wenye saa. Marehemu Yohana alikuwa dereva wa trekta wa Mzungu wa pale. Mzungu alipohama alimwachia saa, na Yohana akaivaa kila siku juu ya trekta lile mpaka alipofariki. Saa ikawekwa ndani ya mkebe wa kakao, na siku ya pili ikanyamaza. Mkewe, Mama Penina, akasema imemfuata mwenyewe.

Alitoka kutupokea, mama mnene mwenye uso wa kucheka, akifuta mikono kwenye leso. Alikuwa ameninyooshea mkono tayari wakati Sudi alipoanza kunitambulisha.

"Huyu Petro wa Kakamega. Bibi yake ni Rosa, binti ya Mama Rebeka wa kule Mukumu."

Mkono wa mama ulisimama hewani.

"Rebeka gani? Yule mwenye pengo hapa mbele?"

"Huyo huyo," nikasema mimi.

"Uwii, Rebeka ni ndugu yangu, tumenyonya titi moja."

Hapo wenzangu wa huku mnaelewa, na kama kuna mgeni anasoma nitamweleza. Dada ya mama mkwe ni mama mkwe. Mama mkwe hashikwi mkono, hatazamwi usoni, na huli mbele yake. Huyu alihamia mashamba ya juu kabla sijaoa, kwa hiyo hatukuwahi kuonana. Alijifunika leso kichwani na kukimbilia jikoni. Mimi niliruka nyuma ya pipa la maji. Watu wazima wawili, wenye heshima zao, tumekimbiana kama wezi, na Sudi amebaki peke yake katikati ya uwanja.

"Nyinyi watu," alisema, "mimi nimetoka mbali."

Ikabidi awe mdomo wetu. Alienda jikoni, akaleta saa. Niliifungua nyuma ya pipa, kioo jichoni. Mashine ni ileile. Kinyundo kilekile, vijiwe vilevile, na gurudumu la mizani zima bila kasoro. Niliitikisa mara kadhaa. Kinyundo kiligonga, lakini moyo haukuanza. Mafuta yameganda, nikajua. Nikatoa hukumu kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake.

"Sudi, mwambie mama hii imekufa na haitarudi. Lakini gurudumu lake litaponya saa ya baba yangu. Naomba anipe."

Mama alitaka kwanza irudi mkononi mwake afikirie. Wakati huo huo alipika. Kuku wa kwanza Sudi alimchinja mwenyewe, kama dini yake inavyotaka, na sisi wawili tulikula nyuma ya ghala la mahindi, nikiwa nimeupa mlango wa jikoni mgongo. Mchuzi wake ungemfanya mtu aoe tena ukoo uleule. Kisha Sudi akachukua mkeka wake akaenda upande wa shamba kuswali, na mdomo wetu ukaondoka naye.

Niliporudi nyuma ya pipa, nikasikia mama akizungumza jikoni. Mle ndani mlikuwa na ndama amefungwa, na mama alikuwa anazungumza naye.

"Wewe ndama, kama kuna mtu huko nje anasikia, ajue saa nimempa. Lakini mkononi siwezi mpa, na chini siwezi weka. Kitu ya marehemu haiwekwangi chini."

Nami nikaligeukia pipa.

"Ewe pipa, mtu huyo amesikia, na anashukuru sana. Anaweza kumngoja Sudi."

"Ndama, mwambie Waislamu wakianza hawamalizangi haraka. Na mkwe hawezi toka hapa bila kuku. Basi vitu vyote viende pamoja."

Sikuelewa mpaka mlango ulipofunguka kidogo na kuku mwekundu akasukumwa nje, kamba ya katani mguuni, na shingoni, imefungwa kwa mkanda wake vizuri kabisa, saa ya Yohana.

Kazi yangu ilikuwa kuishika kamba. Niliinama, na mbwa wa nyumba naye akaja kuona. Kuku aliruka juu ya kichwa changu, kamba ikamtoka mguuni, akaingia mahindini.

Nimewahi kukimbia maishani mwangu, lakini si kama siku ile. Kwenye kifua nilikuwa na saa ya baba, mbele yangu dawa yake inatimua mbio kwa miguu miwili. Mama naye alitokea upande wa pili wa shamba akipiga makofi kumrudisha. Kila mara tulipombana kuku katikati yetu, uso wa mama ulitokea kwenye mahindi, nami nikageuka nikakimbia, naye akageuka akakimbia, na kuku akapita. Majirani walikuja. Hawakusaidia. Walikaa chini.

Kuku akapita mbele ya mkeka wa Sudi, akarudi, akapita tena. Sudi alisujudu, akainuka, hakugeuza hata jicho. Alipotoa salamu kulia na kushoto, alisema kwa utulivu, "Kuku amepita na saa." Kisha akatandaza kanzu yake, kuku akaingia mwenyewe chini yake kujificha.

Sudi akamnyanyua, akatega sikio.

"Petro. Huyu kuku ana mioyo miwili."

Niliichukua saa nikaiweka sikioni. Jua lilikuwa limepasha mafuta, na mbio zile zote zimekitikisa kinyundo kuliko trekta. Ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inakwenda vizuri, sawasawa, bila kukwama. Nilifurahi kama mtoto, na papo hapo furaha ikanikauka. Saa iliyokufa ningeweza kuing'oa gurudumu. Hii sasa ilikuwa hai.

"Imeamka," Sudi aliita kuelekea mahindini.

Kisha tukasikia mama analia, huko ndani, amekaa chini kati ya mistari.

"Sudi," alisema alipoweza, "ambia mkwe asiifungue."

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Akilini nilimwona baba amekaa mbele ya sahani yake, na kamba ya kengele imo mikononi mwa mtu mwingine. Iliniuma. Nikamwambia Sudi amrudishie mama saa yake, nami nikaenda kukaa nyuma ya ghala, sitaki kusema na mtu wala pipa.

Kurudi

Asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, ndama aliulizwa swali.

"Ndama, huyo baba ya mkwe anafanyanga kazi gani na mkono?"

Nikaliambia pipa, "Anavuta kamba ya kengele."

"Kwa nguvu?"

"Mpaka miguu inainuka kutoka chini."

Nilisikia kijiko kikikwangua sufuria.

"Mimi nikiivaa nitakuwa natazama mkono tu, shamba itamea nyasi. Na hapa kwangu itakufa tena. Ilizoea mtu wa kutingisha. Aende nayo nzima. Lakini asiifungue ikiwa hai. Na mimi nitakuja Jumapili kuangalia kama ananidanganya."

Safari hii saa ililetwa na Sudi, kwa mkono wake, bila kuku. Mama alitaka pia jambo moja. Mkebe wa kakao usikae mtupu. Nikafungua kishikizo cha shati, nikatoa saa ya baba iliyovunjika, Sudi akaipeleka. Sasa iko Likuyani, kwenye rafu ya Mama Penina, na sanduku langu halitaipata.

Kuku nilimbeba kwapani hadi nyumbani. Kwenye gari la moshi, yule mama wa kikapu aliniuliza saa ngapi, nami nikajifanya nimelala. Rosa aliposikia habari yote alimchukua kuku, akammwagia nafaka, akamwita Uswisi, akasema fundi wa saa hachinjwi. Sasa mnajua. Baba yeye alivaa saa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akakaa. Akaomba chakula, na akamaliza.

Jumamosi jioni Mama Penina alifika kweli, Sudi akimsindikiza. Kwa kuwa alilala kwangu, mimi nililala dukani juu ya matairi. Jumapili kengele ililia kwa wakati, hata yule mhubiri alionekana kushangaa. Baada ya ibada mama alimwendea baba chini ya mnara. Mimi niliona yote nikiwa nyuma ya mkaratusi, ndiyo sehemu mkwe anayoruhusiwa.

Hakumwamkia baba. Aliushika mkono wake wenye saa, akauinua, akauweka sikioni, akafumba macho. Baba, ambaye hajawahi kumngoja mtu yeyote duniani, alisimama tuli kama aliyeazima mkono wa mwingine. Watu walipita pembeni. Mama alikaa hivyo mpaka macho yangu yakaanza kuona vibaya, na wala si kwa ajili ya mkaratusi.

Kisha akaisemesha saa, maana alikwisha kuzoea kuzungumza na visivyojibu.

"Yohana," alisema, "sasa umekuwa mtu wa kanisa."

Kengele ya ibada ya pili ilichelewa siku ile. Mzee mmoja wa kanisa alianza kwenda kumuuliza baba sababu, na mke wake akamvuta koti, akamkalisha.